Dazeni ya Kumi na Moja

Jumapili iliyopita kitinda mimba wangu alikuwa kwenye zulia, miguu ameikunja, anapaka kucha. Si ile rangi nyekundu. Ni ile isiyo na rangi, ya kung'arisha tu, maana shuleni kwao ukionekana na kucha nyekundu Jumatatu, mzazi anaitwa Jumanne. Mimi nilikuwa na gazeti. Harufu ilinifikia kabla sijafungua ukurasa wa pili, na gazeti lile sijalimaliza mpaka leo.

"Unajua kuna wakati nilikuwa nanunua chupa kama hizo sita kwa mpigo?" nikamwambia.

Akaziangalia kucha zangu, akaniangalia usoni, halafu akamwita mama yake.

Simlaumu. Hata mwenye duka pale Kawangware, miaka hiyo, alikuwa akiniona tu naingia anamkonyeza mkewe. Kijana wa miaka 19, ndevu ndiyo kwanza zinachungulia, anaomba rangi ya kucha, "ile isiyo na rangi, tafadhali." Ningemweleza nini? Kwamba ni ya kupaka nzi kichwani? Nilikuwa nalipa, nachukua risiti ya kumpelekea mwenye karakana, naondoka na heshima iliyobaki.

Wale mlio nami tangu hadithi ya baiskeli mnakumbuka kwamba nilifunga nzi, miaka minne na ushei. Mama yangu, Mungu amrehemu, hakuwahi kupata namna ya kuitaja kazi ile mbele za watu.

"Kijana wako siku hizi yuko wapi?"

"Yuko, anafunga nzi."

"Anafunga nzi! Kwani wamekosa nini?"

Siku nyingine alinisikia nikimwambia rafiki yangu mlangoni kwamba risasi zimebaki chache, itabidi tungoje zingine kutoka Marekani. Alikaa kitini akashika kifua. Ilinibidi nitoe mfukoni macho ya risasi, yale madonge mawili madogo yaliyounganishwa kama chuma cha watu wa mazoezi, nimwekee kiganjani ayaone, ndipo akapumua.

"Haya ni macho ya nani?"

"Ya samaki wa uongo, mama."

"Na yanamwona nani?"

Nzi wenyewe ni ndoana iliyovikwa nywele na nyuzi, samaki adhani ni mdudu au samaki mdogo. Nairobi imekuwa ikiwafunga na kuwapeleka Ulaya na Marekani kwa miaka mingi, na wengi wetu tuliokuwa tukiwafunga hatukuwa tumewahi kushika fimbo ya uvuvi. Mimi ni mtoto wa Dagoretti. Maji niliyoyajua yalitoka mferejini, tena siku yakitaka.

Aliyeyajua maji pale kwetu alikuwa Mama Sampuli. Ndilo jina tulilompa, kwa sababu sampuli zote alizitunza yeye, kwenye kabati la chuma, ufunguo shingoni. Kila dazeni ilipita kwake. Alikuwa na sindano moja, na sindano ile ilikuwa mahakama: aliipitisha kwenye tundu la ndoana, na ikigonga rangi ya kucha iliyokauka humo, nzi anarudi. "Tone dogo," alikuwa akisema. "Kichwani. Lisizibe tundu." Alizaliwa karibu na Gura, ule mto wa Nyandarua ambao mlowezi Grogan alimimina ndani yake trauti wa kwanza mwaka 1905. Utotoni aliwahi kuona Wazungu wamesimama mtoni hadi kiunoni, wanachapa hewa viboko, na mama yake akamvuta mkono akamwambia awaache, hao watu wana huzuni.

Oda ninayotaka kuisema ilikuja Novemba 1997, katikati ya El Niño. Mkenya wa umri wangu ukimtajia mvua ile lazima asimame kwanza akuonyeshe maji yalimfika wapi. Bati la karakana lilivuja mahali patatu. Kando ya mashine ya faksi tuliweka sufuria, mlangoni, ndoo, na chini ya meza yangu, upande wa kushoto, beseni la plastiki la buluu ambalo lilishapasuka sakafuni likazibwa kwa plastiki iliyoyeyushwa kwa chuma cha moto, kovu limesimama kama mshono wa upasuaji. Tulilimwaga asubuhi na jioni. Kati ya hapo lilikuwa likihesabu lenyewe: to, to, to.

Mteja wa Marekani alitaka dazeni 20 za nzi aitwaye Clouser. Sisi tulimwita Klauza. Hatukuwa tumewahi kumfunga. Kifurushi cha vifaa kilifika na sampuli moja ndani, na Mama Sampuli, kama kawaida yake, akaifungia kabatini kabla sijaiona vizuri. Alfajiri yake akaletewa habari ya msiba. Akaondoka kwenda matanga Othaya, siku moja na nusu tu, na ufunguo ukaenda naye. Kule juu mito ikabeba madaraja, magari yakalala njiani, na siku moja na nusu ikawa siku tano.

Mwenye karakana hakuwa mtu wa kungoja. Aliniletea karatasi ya faksi. "Una macho na kichwa," akasema. "Anza."

Mnaokumbuka faksi mnajua: cheusi huja cheusi zaidi, vilivyobaki huja kijivu. Vipimo vilisomeka vizuri. Ndoana ni Mustad 34007, ile isiyoshika kutu ya maji ya chumvi, namba 2. Macho ya risasi. Nywele za mkia wa paa wa Marekani, nyeupe chini, na juu ile kijani-manjano inayopofusha, ambayo sijawahi kuiona kwenye kiumbe hai yeyote. Nyuzi chache za kumeta katikati. Halafu sentensi moja imepigiwa mstari: ncha ya ndoana ielekee juu. Na chini yake picha: samaki mwembamba wa nywele, ncha imeinuka juu yake kama mkia wa nge, na pale penye jicho, doa jeusi limemeza kila kitu. Usingeweza kujua kama jicho limekaa juu ya chuma au chini yake.

Ncha juu. Nikaichukua ndoana, nikaibana kwenye vaisi ncha juu.

Mwenzangu wa meza ya pili alikuwa amefunga nzi miaka tisa. Akainua kichwa. "Mbona umeibana miguu juu kichwa chini?"

Nikamwonyesha ule mstari. Akasoma, akaangalia picha, akainua mabega, akarudi kwa nzi wake. Huwa naikumbuka ile namna alivyoinua mabega.

Nikaanzisha uzi theluthi moja kutoka tunduni. Nikayaweka macho juu, kwa maana ya juu niliyoiona mbele yangu, nikayafunga kwa uzi unaopita kwa umbo la namba nane, mizunguko kumi na tano, halafu mizunguko mingine ya kuyakaba shingo kwa chini, halafu tone la rangi ya kucha. Ukiyasukuma kwa kidole gumba hayapaswi hata kuyumba. Yangu hayakuyumba. Nywele nikazipima fungu jembamba kama njiti mbili za kiberiti, maana karatasi ilisema zisizidi. Mfungaji mchanga hudhani samaki mnene ndiye mtamu, nami nilishavuka hatua hiyo. Nyeupe chini, kijani juu, vilevile kama kwenye picha. Nilipomaliza wa kwanza nilimshika mbele ya taa. Nisiwadanganye, alipendeza. Nikajiona fundi.

Siku ya pili mwenye karakana alipita, akaona dazeni ya kwanza imekauka, na katoni ya oda nyingine ya mteja yuleyule ilikuwa mlangoni inangoja gari la uwanja wa ndege. "Tia hiyo dazeni humo," akamwambia kijana wa kufungasha, "mteja aone tumeanza." Ikatiwa. Gari likaja, likaondoka, likitapanya tope.

Nami nikaendelea. Mpaka Ijumaa adhuhuri nilikuwa na dazeni 10 mezani, zimesimama kwenye sponji kwa mistari, ncha zote juu, kama kikosi cha gwaride.

Mama Sampuli aliingia na viatu mkononi, miguu imejaa tope jekundu la Nyeri, kitambaa cheusi cha msiba bado kichwani. Tulimpa pole. Aliitikia huku macho yake yameshafika mezani kwangu. Akaja. Akamchomoa nzi mmoja wa katikati ya mstari, hakuchukua wa mwanzo wala wa mwisho, akamgeuza kwenye mwanga. Nilingoja sindano. Hakutoa sindano.

"Nipe uzi," akasema.

Nikampa bobini. Akakata kipande kama urefu wa mkono, akakifunga tunduni. Akavuta kigoda, akaketi kando ya beseni langu, magoti yake yakatoa sauti. Karakana nzima ilikuwa inafanya kazi lakini ilikuwa imeacha kuongea.

Tone likadondoka kutoka kwenye bati. Akangoja viwimbi vitulie. Kisha akamweka nzi juu ya maji.

Hakuzama mara moja. Nywele zilikuwa zimeshika hewa, akaelea kiubavu, macho yake mekundu yananitazama mimi. Mama Sampuli akambonyeza taratibu kwa kidole, kama mtu anayemzamisha mtoto kichwa asiogope maji, na vipovu vidogo vikapanda kutoka kwenye nywele, mstari mzima, vikapasuka kimoja kimoja. Akaondoa kidole. Nzi akashuka kichwa mbele, vizuri kabisa, inchi moja, inchi mbili. Nikaanza kupumua.

Na pale katikati ya maji, bila mtu kumgusa, akageuka.

Hakugeuka kwa ghafla. Aligeuka kama mtu aliyelala anavyojigeuza upande wa pili wa kitanda, kwa uzito, bila kuamka. Risasi ilikuwa inatafuta chini, na ilimzungusha pamoja nayo. Ile kijani yangu ya mgongoni ikapinduka, ikaenda chini. Nyeupe ya tumboni ikaja juu, ikafunguka majini kama ua. Na ncha, ile ncha niliyoisimamisha siku tano ikiangalia bati, ikafagia nusu duara, ikaelekea chini, ikagusa sakafu ya beseni. Niliisikia. Au labda sikuisikia, labda nimeiongeza sauti hiyo baadaye. Lakini mkononi mwa Mama Sampuli uzi ulitetemeka kidogo, hilo niliona.

Akauvuta uzi polepole. Nzi akatembea sakafuni, tumbo jeupe juu. Alipofika kwenye lile kovu la plastiki ncha ikaingia, ikashika. Akavuta tena. Beseni lenyewe likasogea.

"Haiya," akasema kwa sauti ya chini. "Umenifungia maiti."

Akainuka, akavua ufunguo shingoni, akafungua kabati, akarudi na ile sampuli. Uzi uleule, beseni lilelile. Aliposhikwa hewani, ndoana yake ilikuwa inaangalia chini kama ndoana nyingine yoyote, na macho ya risasi yamekaa mgongoni, upande usio na ncha. Ningemwona kabatini ningesema amefungwa vibaya. Akashuka, akajigeuza vilevile, kwa uvivu uleule, na alipomaliza kujigeuza, ncha ilikuwa juu. Nyeupe chini, kijani juu. Mama Sampuli akavuta: akainuka. Akaachia: akainamisha kichwa. Akamvuta mpaka kwenye kovu, na yule nzi akapita juu yake kama paka anavyopita juu ya watu waliolala.

Alimpitisha mara tatu. Mara ya tatu nadhani ilikuwa ya kwake mwenyewe, si ya kunifundisha. Alikuwa anaangalia tu.

"Kijana," akasema bila kunitazama, "ukianguka mtoni na gunia la viazi mgongoni, tumbo lako litaangalia wapi?"

"Juu, mama."

"Na gunia likiwa limefungwa tumboni?"

Sikujibu. Hakuhitaji jibu. To, likasema beseni.

"Dazeni ziko ngapi?"

Nikaangalia meza. "Kumi, mama."

Mambo mengine nitayapitisha haraka. Hakunigombeza. Alivua kitambaa cha msiba, akakikunja, akachukua wembe, akakaa upande wa pili wa meza yangu, tukakata. Nzi 120. Unaingiza ncha ya wembe chini ya macho, unakata uzi bila kukwaruza rangi, unavuta, macho yanabaki mkononi, ndoana inarudi boksini, nywele zinaanguka chini. Nywele hazirudi. Kufikia saa tatu usiku tulikuwa tumekaa kwenye zulia la kijani na nyeupe ambalo mteja wa Marekani alikuwa amelilipia. Kila kwenye nzi wa kumi hivi alikuwa akisema jambo moja la Othaya: marehemu alikuwa nani kwake, daraja gani limekwenda, viazi vya nani vimeoza shambani. Nilisikiliza nusu. Nusu nyingine ilikuwa uwanja wa ndege.

Maana macho ya risasi yalikuwa yanahesabiwa. Hilo nililijua nikiwa nasema "kumi". Jumatatu nilisaini kwenye daftari lake, kwa mkono wangu, jozi 150. Tulipomaliza kukata alizihesabu zilizotolewa kwenye nzi, 120, akahesabu zilizobaki kwenye pakiti, 18. Akaandika 138. Akaishika kalamu juu ya karatasi.

Mwenye karakana alikuwa bado ofisini, dirisha wazi, taa inawaka. Yeye alijua. Kijana wa kufungasha alikuwa anafagia nywele, naye alijua. Mimi nilijua. Kilichosikika ni ufagio.

Mama Sampuli akaandika kitu kifupi, akafunga daftari, akasema mvua imepungua, twendeni.

Mwisho wa mwezi nilifungua bahasha ya mshahara na ile karatasi yake ndogo ya hesabu. Tulikuwa tunalipwa kwa dazeni zilizopita mikononi mwake, si vinginevyo. Zile 20 za Klauza zilikuwapo, nilizozifunga upya wiki iliyofuata, ndoana ikiwa imebanwa kama Mungu alivyokusudia, ncha chini. Na chini yake, kwa mwandiko wake, mstari wa peke yake: Klauza, dz 1.

Amenilipa.

Nimeuzungusha mstari ule kichwani miaka yote hii na bado sijui ni nini. Huenda ilikuwa huruma. Huenda ilikuwa njia yake ya kuniambia anajua, na kwamba kuanzia sasa tunajua wawili. Mke wangu anasema ni hesabu tu: risasi 12 lazima ziandikwe mahali, na mama mwenye daftari safi hulala vizuri. Mke wangu ni mhasibu, kwake kila kitu ni hesabu. Pesa yenyewe niliichukua. Nilimpelekea mama nyama.

Halafu nikaanza kuogopa faksi. Kila mashine ilipolia, tumbo langu lilishuka kama risasi, nikijua ni Marekani, wameona, wamemwaga maiti 12 mezani wanauliza ni nani mjinga huyu. Desemba ikapita. Uchaguzi ukapita. Januari faksi ikaja kweli, mwenye karakana akaisoma amesimama kando ya sufuria ya maji: mteja anataka Klauza zaidi, dazeni 40. Kuhusu ile dazeni ya kwanza, hakuna neno. Si zuri, si baya.

Sasa hapo ndipo ninapokwama. Ama hakuna aliyewahi kuwaangalia. Ama waliangalia wakatupa wakanyamaza, kama sisi. Au, na hili ndilo hunijia usiku, walivua. Nimesoma kwamba samaki mkubwa humpenda samaki mgonjwa, yule anayeyumba, anayeonyesha tumbo. Inawezekana kuna mzee mahali fulani Florida anayekumbuka asubuhi aliyopata samaki wa maisha yake kwa nzi wa ajabu aliyeogelea chali, na ambaye amewatafuta wengine wa namna ile dukani miaka yote bila kuwapata. Nikimfikiria huyo mzee, ninajisikia vibaya kwa sababu tofauti kabisa.

Miaka mingi baadaye, simu zilipoanza kubeba dunia mfukoni, nikamtafuta mwenye jina. Bob Clouser, mwongoza wavuvi wa mto Susquehanna huko Pennsylvania, alimbuni nzi huyo miaka ya 1980 kwa ajili ya samaki waitwao besi wa mto ule, na jina akapewa na mvuvi mwingine mashuhuri, Lefty Kreh. Nilitazama video za mikono ya wazee wakimfunga. Wote, kila mmoja, wanaweka uzito mgongoni mwa ndoana na kuyaachia maji yafanye kazi iliyobaki. Mtu mwenye mto wake lazima afike hapo. Wavuvi wa Pwani nao wangenicheka mapema zaidi: chubwi hushuka chini, mtoto wa Lamu wa miaka mitano anajua. Mimi nilikuwa na faksi.

Mama Sampuli nilikutana naye mara moja tu baada ya karakana kufungwa, pale stendi ya Kawangware, mwaka 2004 au 2005. Akaushika mkono wangu kwa mikono yake miwili, akaugeuza akakiangalia kidole gumba, kama bado kina sugu ya uzi. Kilikuwa hakina. Nilikuwa na lile swali mdomoni. Akaniambia magoti yamemshinda, mvua ikinyesha hawezi hata kuketi kigodani. Nikasema pole, mama. Matatu yake ikaja, kondakta akaanza kugonga bati, nikamsaidia kupanda.

Haya yote, au sehemu yake kubwa, nilimsimulia binti yangu Jumapili, yeye akiwa amenyoosha vidole vya mkono wa kushoto vikauke. Nilidhani atacheka pale penye beseni. Hakucheka. Alikunja uso.

"Kwa hiyo alikuuliza dazeni ziko ngapi."

"Ndiyo."

"Hakuuliza umefunga ngapi."

"Hakuuliza hivyo."

"Na pale mezani zilikuwa kumi."

"Zilikuwa kumi."

"Basi Baba, hukudanganya." Akapuliza kucha, amemaliza kesi. Ana miaka 11, anataka kuwa wakili, na huenda Mungu atusaidie akawa. Sikumwambia kwamba mlango huo nimewahi kuusukuma mwenyewe, mara nyingi, na hufunguka kidogo tu, kisha hukwama mahali palepale.

Ilikuwa imebaki kucha ya mkono wa kulia. Alijaribu kuipaka kwa mkono wa kushoto, brashi ikamtetemeka, rangi ikaenda kwenye ngozi. Akaninyooshea chupa bila kusema kitu.

Nikasogeza kiti penye mwanga wa dirisha. Nikaifuta brashi kwenye mdomo wa chupa, upande mmoja, upande wa pili, mpaka lilipobaki tone moja dogo.